Mikeka ya Oberhof: Historia ya Kuruka kwa Skii Bila Theluji

Kuruka kwa skii ni mchezo ambao mshindani huserereka kutoka juu ya mnara au kilele cha kilima akiwa amefunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba ziitwazo skii, hufika kwenye ukingo uliokatwa ghafla, hujirusha hewani, kisha hutua kwenye mteremko ulio chini yake, umbali aliosafiri ukipimwa pamoja na uzuri wa umbo lake. Kwa kuwa mchezo huu ulizaliwa katika nchi za baridi, na picha zake zinazosambaa duniani karibu zote zimejaa weupe wa theluji, ni rahisi kudhani kwamba pasipo theluji hakuna mchezo. Historia yake tangu katikati ya karne ya 20 inaonyesha vingine: sehemu kubwa ya ufundi wa mrukaji wa leo hujengwa katika miezi ya joto, juu ya vilima vilivyotandikwa mikeka ya plastiki na kunyunyiziwa maji, na vingi kati ya vilima hivyo ni vidogo kiasi kwamba mtoto hupanda juu yake kwa ngazi. Uhaba wa theluji ulichangia hali hiyo, lakini haukuwa sababu kuu. Kilichosukuma mabadiliko ni hesabu ya miruko, yaani idadi ya mara ambazo mtu anaweza kurudia tendo linalokwisha ndani ya sekunde chache kabla ujana wake haujampita.

Asili ya mchezo ni Norwe. Mwaka 1866 yalifanyika mashindano huko Høydalsmo, katika jimbo la Telemark, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa miongoni mwa yale ya mwanzo, na jina linalokumbukwa kutoka huko ni la Sondre Norheim, mwana wa mkulima mdogo kutoka Morgedal, aliyekuwa pia mtengenezaji wa skii na vifungo vya kuzishikia miguuni. Mashindano ya Huseby, karibu na mji mkuu, yalianza mwaka 1879, na yale ya Holmenkollen, ambayo hadi leo yana heshima ya pekee, yakaanza mwaka 1892. Nyuma ya mashindano hayo makubwa ilikuwapo desturi isiyoandikwa sana vitabuni: watoto wa mashambani walilundika theluji mahali penye mteremko, wakaishindilia kwa miguu mpaka ikawa kijukwaa, wakairuka hadi giza lilipoingia. Kilima kidogo, basi, kilikuwa shule ya mchezo huu tangu mwanzo, isipokuwa shule yenyewe ilifunguliwa na kufungwa na hali ya hewa. Norwe, ambako shule hiyo ilikaa wazi kwa miezi mingi, ilitwaa medali ya dhahabu ya mchezo huu katika kila Olimpiki ya majira ya baridi kuanzia ile ya Chamonix mwaka 1924 hadi ile ya Oslo mwaka 1952.

Matawi mengine ya michezo ya skii yalikuwa na njia ya kukwepa kiangazi. Mkimbiaji wa mbio ndefu za skii anaweza kujenga pumzi na miguu kwa kukimbia barabarani au kwa kutumia skii za magurudumu, na Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, aliingia katika mbio hizo akitokea kwenye riadha. Mrukaji hana badala ya namna hiyo. Mazoezi ya viungo humpa nguvu za mapaja, lakini hayamfundishi namna ya kuuegemea upepo unaompiga usoni, wala hayamzoezi hofu ya ule ukingo ambao, baada ya kuuvuka, hakuna tena cha kusahihisha ila kutua salama.

Majaribio ya kwanza ya kuruka pasipo majira ya baridi hayakutoka kwa makocha, bali kwa wafanyabiashara wa burudani. Mwaka 1907 Carl Howelsen, Mnorwe aliyehamia Marekani, aliajiriwa na sarakasi ya Barnum & Bailey ili aruke mbele ya watazamaji kutoka kwenye njia iliyopakwa mafuta; baadaye alihamia Steamboat Springs katika jimbo la Colorado, ambako kilima cha kurukia kina jina lake hadi sasa. Huko Vienna, mwishoni mwa mwaka 1927, jengo la stesheni ya reli iliyoachwa liligeuzwa ukumbi wa theluji bandia iliyotengenezwa kwa magadi, na ndani yake kikajengwa kijukwaa kilichomwezesha mtu kuruka kiasi cha meta 20, ingawa biashara hiyo haikudumu hata mwaka mmoja. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walijenga minara ya muda ndani ya viwanja vikubwa vya michezo, ukiwamo Soldier Field wa Chicago na ule wa Coliseum wa Los Angeles, wakaimwagia barafu iliyosagwa. Mwaka 1950 Wanorwe walisafirisha tani 45 za theluji hadi London na kuzitandaza kwenye mteremko wa Hampstead Heath. Juhudi zote hizo zilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba zilijaribu kuileta au kuiigiza theluji yenyewe, jambo lililogharimu fedha nyingi na kudumu siku chache. Zilipata watazamaji, mafunzo hayakupatikana.

Aliyelitazama tatizo kwa upande mwingine alikuwa Hans Renner, kocha wa Ujerumani Mashariki aliyezaliwa mwaka 1919, ambaye alifanya kazi katika milima ya Thuringia iliyofunikwa na misitu ya misonobari. Nchi hiyo, iliyoundwa mwaka 1949, haikuwa na kipande chochote cha milima mirefu ya Alpi. Oberhof, kituo chake mashuhuri cha michezo ya baridi, kiko kwenye kimo cha takriban meta 800 tu juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho theluji huja kwa kusitasita na huweza kuyeyuka katikati ya Januari. Kwa upande mwingine, nchi hiyo ilirithi viwanda vikubwa vya kemikali katika maeneo ya Bitterfeld na Schkopau, na kati ya bidhaa za viwanda vya namna hiyo ilikuwamo plastiki ya PVC, ile ile inayotumika kutengenezea mabomba ya maji na maganda ya nyaya za umeme. Kocha mwenye mlima mfupi na plastiki nyingi alikuwa na sababu ya kujiuliza ni sifa gani hasa ya theluji inayohitajiwa na skii.

Jibu alilolifikia ni kwamba skii haihitaji baridi wala weupe, inahitaji uso unaoteleza kwa usawa, unaobonyea kidogo unapopigwa na kuinuka tena, na unaoelekea upande mmoja ili ubao usiyumbe. Mwaka 1954 alifanikiwa kutengeneza mikeka ya nyuzi za plastiki yenye sifa hizo, na mnamo Novemba mwaka huo huo warukaji walionyesha hadharani kwenye kilima cha vijana huko Oberhof kwamba inawezekana kuruka na kutua juu yake. Ni vyema kusisitiza kwamba kilima hicho kilikuwa cha vijana. Uvumbuzi ambao ungekuja kubadili mashindano ya watu wazima ulithibitishwa kwanza mahali ambapo mtu akianguka haanguki kutoka juu sana.

Ujenzi wa mikeka hiyo haujabadilika sana katika misingi yake. Nyuzi, kila moja ikiwa na unene unaokaribia ule wa unyoya wa fagio la plastiki, hufungwa pamoja kwa maelfu upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, kisha mafungu hayo hupigiliwa kwenye mteremko kwa safu zinazopandana, kila safu ya juu ikifunika kichwa cha safu iliyo chini yake, kama makuti yanavyoezekwa kwenye paa, ncha zote zikielekea bondeni. Chini ya nyuzi huwekwa tabaka laini la kupokea kishindo. Kabla ya mazoezi kuanza, mabomba yaliyopangwa kandokando hunyunyiza maji mpaka mteremko wote ung'ae, kwa maana plastiki kavu huikamata skii na kumtupa mtu mbele, ilhali plastiki yenye utando wa maji huiachia. Njia ya kuserereka iliyo juu ya ukingo nayo mwanzoni ilitandikwa vifaa vya aina hiyo hiyo, lakini siku hizi vilima vingi vina mifereji miwili iliyonakshiwa vinundu vya kauri, inayopitisha maji muda wote, na mwendo unaopatikana humo unakaribiana mno na ule wa mifereji ya barafu. Mwisho wa mteremko, pale ambapo wakati wa baridi pangekuwa na uwanda mweupe, pana majani mabichi ya kawaida yaliyokatwa, na mrukaji husimama juu yake kwa kugeuza skii upande.

Usalama wa plastiki una mipaka yake. Anayeanguka kwenye theluji huviringika na kuinuka akiwa ameloa. Anayeanguka kwenye mikeka huweza kuchubuka vibaya, kwa sababu msuguano wa nyuzi dhidi ya ngozi huunguza, na ndiyo maana hata siku ya jua kali mrukaji huvaa suti nzito inayomfunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, glovu na kofia ngumu. Hata hivyo makocha wengi wanaona mikeka ina faida moja inayozidi hasara hiyo: haibadiliki. Theluji ya asubuhi si theluji ya adhuhuri, na mwanafunzi aliyeruka vibaya daima ana kisingizio cha kuilaumu njia. Kwenye mikeka iliyoloa sawasawa, mruko wa kwanza na wa kumi hufanyika katika hali inayokaribiana kabisa, hivyo kosa linaloonekana ni la mrukaji mwenyewe.

Hapa ndipo kilima kidogo kinapopata uzito wake katika historia hii. Ukubwa wa vilima huweza kuelezwa kwa nukta K, yaani mahali kwenye mteremko ambapo hesabu za wajenzi humtarajia mrukaji mzuri atue, na umbali wa nukta hiyo kutoka kwenye ukingo huweza kuwa meta 5 kwa mtoto anayeanza, meta 10, 15 au 20 kwa wanaoendelea, na kuzidi meta 100 kwa washindani wa kimataifa. Kwenye vilima vikubwa mrukaji hufika ukingoni akiwa na mwendo wa takriban kilomita 90 kwa saa, na tendo la kunyoosha magoti na kujirusha lazima likamilike ndani ya muda unaokaribia thuluthi moja ya sekunde. Akiwahi, nguvu zake hupotelea njiani, na akichelewa, miguu husukuma hewa tupu. Muda wa namna hiyo haufikiriwi, huzoewa, na mazoea huja kwa kurudia. Kilima cha meta 20 kina uwezo wa kutoa marudio ambayo kilima kikubwa hakiwezi, kwa sababu upepo haukisumbui sana, kupanda kwake ni kwa dakika chache, na kocha anayesimama pembeni, usawa wa ukingo, humwona mwanafunzi kwa karibu na kumwambia kosa lake kabla hajalisahau.

Mpangilio wa mazoezi ya kiangazi kwenye vilima hivyo unafanana katika nchi nyingi. Kwanza wanafunzi huiga mruko kwenye ardhi tambarare: mmoja huchuchumaa, kifua kikiwa kimelala juu ya mapaja na mikono ikiwa nyuma, pengine akiwa juu ya kigari chenye magurudumu madogo, kisha hujirusha mbele na kudakwa kiunoni na kocha, ambaye humshikilia juu kwa kitambo ili ahisi mwili unavyopaswa kulala hewani. Baada ya hapo hupanda ngazi. Wadogo kabisa huanza na skii za kawaida za kuteremkia milima, kwa kuwa skii halisi za kurukia ni ndefu, pana, na kisigino cha mrukaji huachwa huru juu yake. Mwanafunzi huketi kwenye boriti iliyowekwa juu ya njia, husubiri ishara ya mkono, hujiachia. Mruko wenyewe hauchukui muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Anapotua hutakiwa kutanguliza mguu mmoja na kukunja magoti kidogo, mtindo unaoitwa telemarki kwa kufuata jimbo lile la Norwe, ambao waamuzi huupa alama. Kwenye plastiki mtindo huo ni mgumu zaidi, na wapo warukaji hodari waliotua vizuri wakati wa baridi huku kiangazi wakipoteza alama.

Matokeo ya uvumbuzi wa Oberhof hayakuchelewa, ingawa itakuwa ni kutia chumvi kusema kwamba mikeka peke yake iliyaleta. Katika Olimpiki ya Cortina mwaka 1956 ubingwa wa Wanorwe ulivunjwa na Mfini, Antti Hyvärinen, na medali ya shaba ikaenda kwa Harry Glaß wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1957 kijana Helmut Recknagel, mzaliwa wa Thuringia aliyefundishwa na Renner, alishinda Holmenkollen mbele ya wenyeji, na mwaka 1960 huko Squaw Valley akawa mtu wa kwanza kutoka nje ya nchi za Skandinavia na Ufini kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika mchezo huu. Ustadi wake ulikuwa na vyanzo vingi, lakini taifa ambalo majira yake ya baridi hayakutegemeka lilikuwa limepata njia ya kumrusha kijana wake miezi ambayo washindani wake walikuwa wakikata nyasi mashambani, na tofauti hiyo ilipojumlishwa kwa miaka kadhaa haikuwa ndogo.

Serikali ya Ujerumani Mashariki iliitambua faida hiyo mapema. Shule maalumu za michezo kwa watoto na vijana ziliunganishwa na vituo vya mazoezi, na vilima vidogo vya mikeka vikajengwa katika vijiji vya Thuringia na milima ya Erzgebirge, ambako alitokea baadaye Jens Weißflog, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 akiiwakilisha Ujerumani Mashariki na tena mwaka 1994 akiiwakilisha Ujerumani iliyoungana. Mfumo huo huo ulikuwa na uso mwingine. Hans-Georg Aschenbach, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1976 ambaye baadaye alisomea udaktari, alisafiri kiangazi cha mwaka 1988 kama daktari wa timu kwenda katika mashindano ya mikeka huko Hinterzarten, mji wa Msitu Mweusi katika Ujerumani Magharibi, na hakurudi. Aliyoyasema baada ya kutoroka kuhusu dawa za kuongeza nguvu walizopewa wanamichezo yalizua mtafaruku. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mlango alioutumia kutoka ulifunguliwa na mashindano ya kiangazi yaliyoanzia nchini mwake.

Nchi nyingine ziliiga bila kukawia sana: Wacheki, Wapolandi, Waaustria, Wafini, Wajapani na hatimaye Wanorwe wenyewe walitandika mikeka yao. Kwa muda mrefu mashindano ya kiangazi yalihesabiwa kuwa maonyesho tu, mpaka mwaka 1994 Shirikisho la Kimataifa la Skii lilipoanzisha mfululizo rasmi wa mashindano ya kiangazi kwa wanaume. Wanawake waliingizwa katika mfululizo huo mwaka 2012, miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kwa mara ya kwanza kuruka katika Olimpiki, huko Sochi. Kuhusu wanawake hawa inafaa kuongeza kwamba kwenye vilima vidogo wasichana walikuwa wakiruka pamoja na wavulana muda mrefu kabla ya milango ya vilima vikubwa kufunguliwa. Waliozuiwa walikuwa ni wakubwa.

Mpaka kati ya misimu miwili umeendelea kufifia. Siku hizi mikeka hubaki mahali pake mwaka mzima, na majira ya baridi yanapofika hufunikwa kwa wavu unaozuia theluji isiporomoke, kisha theluji, mara nyingi iliyotengenezwa kwa mashine, humwagwa juu yake. Mnamo Novemba 2022, huko Wisła nchini Polandi, waandaaji hawakujisumbua hata kuimwaga: mashindano ya Kombe la Dunia yalifunguliwa kwa njia ya barafu iliyogandishwa kwa mitambo juu ya ukingo na mteremko wa plastiki chini yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika kombe hilo tangu lilipoanzishwa katika msimu wa 1979/80. Dawid Kubacki wa Polandi alishinda siku zote mbili. Miezi michache baadaye, kiangazi cha mwaka 2023, kuruka kwa skii kuliingizwa katika Michezo ya Ulaya iliyoandaliwa na Kraków na mkoa wake, pamoja na riadha na michezo mingine ya kiangazi, na medali zake zikagombewa Zakopane juu ya mikeka iliyoloa maji.